Njuga za farasi njiani si kelele za bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaolalamika kwamba njuga tunazowafunga farasi kwenye njia za msituni zinaharibu utulivu. Njia hizo tunazitumia wote: waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na sisi wapanda farasi. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba wengine wote wampishe farasi. Sasa utampishaje usiyemwona wala kumsikia? Kwenye udongo laini kwato hazina kishindo. Baiskeli inateremka kasi, mbele kuna kona na vichaka, na wakikutana hapo ghafla farasi hangoji kujua ni nani. Kinga yake tangu asili ni kukimbia. Anaruka pembeni, mpandaji yuko chini.

Njuga humpa yule wa upande wa pili sekunde chache za kushika breki, na kwangu hiyo ni sababu tosha. Wala si jambo geni. Misafara ya baghala wa mizigo ilikuwa ikimfuata farasi jike aliyevaa kengele shingoni, na usiku wenyewe walijua kwa mlio wake wanyama wanalisha wapi.

Kinachoniudhi ni mtu kununua njuga leo na kuingia nazo njiani leo hii hii. Farasi husikia milio myembamba ya hadi karibu hezi 33,000, yaani mitetemo 33,000 kwa sekunde, ilhali sisi tunaishia 20,000. Mfungie ghafla kitu kinacholia mwilini mwake, naye akikimbia kinalia zaidi, atadhani anafukuzwa. Mzoeze kwanza nyumbani. Ainuse njuga mkononi mwako, itikise polepole ukiwa mbali kidogo, kisha mtembeze kwa kamba ikilia, ndipo umpande. Tazama masikio: yakilala nyuma na shingo ikakakamaa, rudi hatua moja, hata kama siku nzima itaishia hapo. Ifunge kwenye mkanda wa kifuani au kwenye tandiko, mbali na masikio, isining'inie ikanasa tawi.

Wanaopita penye dubu na kutumia njuga ili mnyama ajue wanakuja, wasiitegemee peke yake. Hata mamlaka ya hifadhi za taifa za Kanada huonya kwamba kengele hazitoshi. Ongea kwa sauti, piga makofi, hasa karibu na mito na vichaka vizito.

Na ninyi mnaokerwa na mlio, nawaomba hivi. Mkiusikia, simameni upande wa chini wa mteremko, mwenye baiskeli ashuke, na mtusalimie kwa sauti ya kawaida. Msijifiche nyuma ya mti mkidhani mnatusaidia, maana farasi humwogopa zaidi aliyejibanza kimya kuliko mtu anayezungumza. Nasi tukishawaona tutainyamazisha njuga. Nyingi huja na sumaku ya kuishikilia isilie.

Msomaji wako,
Mpanda farasi