Kabureta ya zamani isitupwe kabla haijafunguliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na mafundi wenzangu pamoja na wenye mashine, maana hili jambo linaniuma na naliona kila mvua zikishapita na nyasi kuota. Mtu ana trekta dogo la kukatia nyasi, haya ya kukalia ya zamani ambayo mengi yaliingia na makontena ya misaada, ukienda kwenye shule za misheni unayakuta, hospitali unayakuta. Injini ikianza kukohoa anaitwa fundi, fundi anasikiliza kidogo anasema kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imekufa nunua nyingine. Inanunuliwa ya bei rahisi ambayo hata matundu ya boliti hayakai sawa, inawaka siku chache tatizo linarudi pale pale, mwisho trekta linasukumwa nyuma ya stoo kuku wanalalia humo. Kuna shule moja walishafika hatua ya kuliuza lao kama chuma chakavu, na ugonjwa wenyewe ulikuwa uchafu kwenye tundu dogo kuliko kichwa cha pini.

Kabureta kufa kabisa ni nadra jamani. Haina umeme, haina kompyuta, ni chuma chenye njia za hewa na njia za mafuta, njia ikiziba inazibuliwa. Chukua mfano injini ya Kohler K301 ambayo utaikuta kwenye trekta ndogo za Cub Cadet na Wheel Horse za Marekani za miaka ya 1960 na 1970, silinda moja, nguvu farasi 12, bloku ya chuma kizito, ile injini ukiitunza wajukuu watakuja kuitumia. Sasa unaitoaje kabureta yake ya asili unaweka ya kuigiza ambayo jeti zake, vile vitundu vya kupimia mafuta, hazikupimwa kwa injini hiyo?

Kwanza kabisa fundi ajue kama tatizo ni mafuta au moto, yaani cheche za plagi. Toa eya klina, mimina mafuta kidogo sana mdomoni mwa kabureta, kama kifuniko kimoja cha soda hivi au pungufu, toa chombo cha petroli pembeni halafu piga stata. Ikiwaka ikazima hapo hapo basi moto upo na mafuta ndo hayafiki. Isiposhtuka kabisa achana na kabureta, nenda kwenye plagi na platini, ile swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche. K301 ina platini na kondensa za mtindo wa zamani, uwazi wa platini ni nusu milimita, zikiungua au zikijaa kutu mashine inamisi vilevile kama kabureta chafu na watu wanaisingizia kabureta bure.

Mafuta yasipofika anzia tangini uje chini, usianzie kwenye kabureta. Kama mashine inakwenda vizuri kwa muda halafu inazima yenyewe, fungua mfuniko wa tangi, ukisikia hewa inaingia fyuuu na ukipiga stata ikawaka, basi kile kitundu cha hewa cha mfuniko kimeziba, unakizibua na kazi imeisha, hamna spea ya kununua hapo. Vua mpira wa mafuta uone kama yanatiririka au yanadondoka matone. Mipira ya zamani inaoza kwa ndani huku nje inaonekana mizima kabisa, vile vipande vyeusi vinakwenda moja kwa moja kwenye kabureta, kwahiyo ukisafisha kabureta ukaacha mpira ule ule umefanya kazi ya bure.

Halafu petroli yenyewe. Tunakumbuka wote enzi za uchakachuaji, mpaka EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wakaanzisha vinasaba (alama maalumu ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili watu waache kuchanganya. Lakini hata mafuta yakitoka sheli safi yanakuja kuharibikia kwenye dumu, dumu lililowekwa maji jana leo linawekwa petroli, au limekaa wazi kwenye mvua. Weka petroli yako kwenye chupa ya glasi inayoonyesha, iache itulie, maji ni mazito kuliko petroli yatashuka chini utaona mstari kabisa. Na petroli ya muda mrefu usiitumie, ile iliyolala miezi inakuwa na harufu kali kama ya rangi ya mbao na inaacha gundi. Wanaofuata mafundisho ya Wamarekani mtandaoni wajue pia kwamba wenzetu kule petroli nyingi ya sheli ina ethanoli mpaka asilimia 10, inavuta maji na inasumbua mipira ya zamani, ndo maana wanaizungumzia sana, kwetu sisi anza na dumu na vumbi.

Sasa tufungue. Injini iwe imepoa, fanyia kazi nje, mbali na jiko la mkaa na mbali na mtu anayevuta sigara. Na tafadhali vijana acheni kunyonya petroli kwa mdomo na mpira, ikiingia kwenye mapafu inaua, nunueni pampu ndogo ya mkono. Bakuli la chini la kabureta likitoka angalia kilichomo kabla hujamwaga, kwasababu pale ndipo jibu lilipo. Ukikuta matone yanayoviringika chini kama shanga hayo ni maji. Ukikuta unga mwekundu hiyo ni kutu ya tangi, na tangi lazima lioshwe. Ukikuta kitu cha kijani au kahawia kinanata kidoleni, hiyo ni petroli iliyokufa humo humo wakati mashine imeegeshwa, na jeti nayo itakuwa imejaa hicho hicho.

Jeti inua uitazame juani. Unatakiwa uone mwanga wa duara safi, ukiona nusu mwezi au huoni kitu imeziba. Usiichokoe na waya wa chuma wala pini, shaba ni laini, ukiipanua hata kidogo tu mashine itakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi maisha yake yote. Iloweke kwenye kabureta klina, pitisha unywele mmoja wa brashi ya nailoni, halafu puliza upepo wa kompresa njia zote ukiwa umevaa miwani. Floti, lile boya linaloelea kwenye bakuli, na gaskiti zitoe kwanza kabla ya kupuliza. Floti za zamani ni za shaba, itikise karibu na sikio, ukisikia kimiminika ndani imetoboka na imekuwa nzito, haipandi kufunga mafuta, hiyo badilisha. Na ile sindano yake inayoziba njia ya mafuta ikiwa na alama ya duara iliyochimbika kwenye ncha nayo badilisha, ni kitu cha bei ndogo.

Hapa kwenye sindano naomba watu wanisikilize vizuri. Ukikuta petroli inavuja asubuhi wakati mashine haijawashwa, chomoa kijiti cha oili unuse. Kama oili imepanda na inanuka petroli usiwashe kabisa, petroli imeshashuka kwenye injini, oili imekuwa nyepesi kama maji na ukiwasha unakata stiki, ile fimbo inayounganisha pistoni na shafti. Rekebisha sindano, mwaga oili yote, weka mpya ndo uwashe.

Kuna ile nyingine mlio unapanda unashuka, unapanda unashuka, ukivuta choki nusu unatulia. Hiyo mashine inapata hewa nyingi kuliko mafuta, ama njia ya mafuta imeziba ama kuna hewa inaingilia pembeni. Angalia gaskiti kati ya kabureta na injini, halafu shika ule mhimili wa kipepeo cha resi uuchezeshe juu chini. Ukicheza sana hapo ndo kabureta ya zamani inakuwa imechakaa kweli, lakini hata hapo haijafa, mpelekee fundi wa kereza apanue tundu aweke bushi ya shaba. Wapo wengi mjini wanaoweza, ni kazi ndogo kwao.

Skrubu za kurekebisha mafuta ziguswe mwisho kabisa, siyo mwanzo kama inavyofanyika. Ifunge taratibu mpaka iguse tu, usikaze maana ncha itaharibika, kisha irudishe karibu mzunguko mmoja na nusu, ndipo uwashe na urekebishe injini ikiwa imepata moto. Kinachonisikitisha kuliko vyote ni fundi anayevuta springi ya gavana, kifaa kinachozuia injini isizidishe mwendo, ili mashine ipate nguvu. Injini hizi mwisho wake ni mizunguko 3600 kwa dakika, stiki yake ni ya aluminiamu, ukizidisha inakatika na inatoboa bloku, na kipande kinaruka kuelekea kwa mtu aliyekaa juu ya trekta.

Wenye mashine nao wana kazi yao. Kabla hujatoa hela ya kabureta mpya mwambie fundi afungue ya zamani mbele yako akuonyeshe kilichoharibika kwa kidole. Na mkimaliza kukata nyasi za msimu, fungeni koki ya mafuta muiache injini iungurume mpaka izime yenyewe, bakuli libaki kavu. Kama haina koki iwekeni, inauzwa kwenye maduka ya spea za pikipiki na inaingia kwenye mpira bila shida.

Mhariri, ukurasa wenu wa kilimo ukipata nafasi naomba mchapishe picha kubwa ya kabureta iliyofunguliwa na kila kipande kiandikwe jina lake la gereji, vijana wengi wanaojifunza kwetu hawana kitabu wala intaneti na picha ya gazeti wanaibandika ukutani.

Fundi wa injini ndogo,
Moshi