Betri imeumuka, shoga

Chumbageni, Tanga
Jumatano usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi kama mchanga wa Raskazone. Mimi mzima, watoto wazima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Unaikumbuka hiyo? Tulikuwa tunaandikiana darasa la sita na tunakaa dawati moja. Leo naiandika kwa kweli. Bando limeisha, na hata lingekuwepo, haya si ya kusema kwa simu huku watoto wanagombania rimoti. Mama Nasra anaondoka kesho Kange na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Atakupa barua hii na kifundo cha kitambaa. Ndani ya kifundo mna flashi. Usiichomeke popote mpaka umalize kusoma.

Kishikwambi changu cha kuchorea kanga kimekufa, Zuhura. Hapana, hakijafa. Kimevimba.

Ilianza kama mzaha, tangu kabla ya Maulidi. Kinasema kina chaji asilimia 41, nachora maua mawili ya pindo, mara 9, mara giza. Nakiwasha tena, kinasema 30. Muongo kuliko yule wa dagaa. Mimi nami nikajifanya mjanja: nikawa nachora kikiwa kwenye chaja, mchana kutwa, usiku kucha, kama mgonjwa wa dripu. Nikaona nimepata dawa. Kumbe ndiyo nilikuwa nakimaliza.

Wiki iliyopita nimekilaza mezani, nakigusa kwa kalamu, kikazunguka. Kama pia ya watoto! Nikadhani ni meza. Nikakihamishia sakafuni, kikazunguka vilevile. Nikakigeuza ubavu: kioo kimeachana na mgongo upande wa kulia, uwazi unaingiza sarafu ya mia mbili. Na mwanga unavujia pale, kama taa chini ya mlango wa chumba cha watu wasiolala. Mistari nayo ilikuwa imeanza kupinda bila mkono wangu, nikajilaumu uzee, kumbe betri inasukuma kioo kwa ndani. Imeumuka kama unga wa maandazi.

Hamisi akasema, kibonyeze tu, kitarudi. Huyo ndiye mwanaume wa nyumba hii.

Sikubonyeza. Nikakipeleka kwa fundi Kibwana. Alikitazama bila kukigusa, akauliza kimechomekwa lini mara ya mwisho. Nikamwambia leo asubuhi. Akakichukua taratibu kama mtu aliyebeba yai, akakitoa nje kibarazani, mbali na mapazia, ndipo akarudi kunisalimu.

Akanieleza, nami nakueleza wewe kwa sababu ninakujua. Betri ni kama dumu la lita ishirini linaloingia tope kila mwaka. Kwa nje bado la ishirini, lakini maji yanayokaa ndani ni lita nane, na mdomo nao umeziba, yanatoka kwa kudondoka. Ukitaka mengi kwa mpigo, mwangaza juu, programu nzito, tabaka thelathini za rangi, haliwezi, kishikwambi kinazimika hata kama hesabu inasema bado ipo. Na joto ndilo linaloleta tope upesi, joto pamoja na kukaa imejaa mia kwa mia saa zote. Mimi nilivipa vyote viwili, juu ya godoro, dirisha la magharibi, kaskazi inavuma. Ikichoka hivyo, vilivyomo ndani vinaoza na kutoa gesi, na gesi haina pa kutokea. Ndiyo uvimbe.

Nikamwambia basi nakituma Dar, shoga yangu atakipeleka Kariakoo. Akacheka mpaka akashika meza. "Utalichoma basi la watu." Betri iliyovimba ikibanwa au ikitobolewa inawaka, na haikupi muda wa kupiga kelele. Fikiria buti la basi, jua la Segera, magunia ya machungwa ya Muheza juu yake. Na Mama Nasra kakaa juu anakula korosho. Nilipata baridi ya mgongo.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Michoro. Ilikuwamo themanini na sita, Zuhura. Kanga zote za miaka mitano, na ile kazi ya kikundi inayotakiwa kabla ya Idi. Nakala nje ya kishikwambi: sifuri. Usinitukane bado. Nina akaunti ya Google, gigabaiti 15 za bure kama watu wote, lakini zilijaa harusi ya Rukia na video za watu wa kwenye magrupu wanaotakiana asubuhi njema. Kila siku kinaniambia hifadhi imejaa, nami nabonyeza "Baadaye". Miaka miwili nabonyeza "Baadaye". Halafu hata ingekuwa na nafasi, kinachopanda kule ni picha tu. Faili zenyewe za kuchorea zinakaa ndani ya programu, ukiifuta programu zimekwenda nayo. Hilo nilikuwa silijui. Wewe ulikuwa unalijua?

Najua utakalosema: si ulikuwa unanitumia picha WhatsApp, zipo kwangu. Zipo, ndiyo, na asante. Lakini picha ile ni chai ya maziwa. Ukishatia maziwa huyatoi. Mchapaji wa kanga anataka maji mbali, majani mbali, maziwa mbali: nyekundu peke yake, nyeusi peke yake, ya njano peke yake, maana kila rangi ina fremu yake ya kuchapia. Pindo liko tabaka lake, mji tabaka lake, jina la kanga tabaka lake, ili akitaka kubadili neno asibomoe maua. Ukimpa picha iliyokwisha changanywa, tena imebanwa na simu, atakurudishia au atakuchapia ukungu. Kwa hiyo zile za kwako ni kumbukumbu, si kazi.

Basi shida ikawa hii: kutoa faili lazima kiwake, kuwaka lazima kiwe na chaji, kuchaji ni kuomba moto. Nilikaa pale kibarazani nalia kimoyomoyo. Kibwana akasema, kishikwambi hakijui betri, kinajua umeme. Akafungua. Hakutumia bisibisi, kadi ya plastiki tu, na spiriti kulainisha gundi, kidogo kidogo, jasho linamtiririka. Betri ikatoka imejaa kama mto wa mtoto. Akaiweka kwenye ndoo ya mchanga, akaisogeza mpaka chini ya mti wa mkungu. Halafu akachukua mashine yake ya mezani inayotoa umeme, akaishusha mpaka volti nne hivi, akabana waya mwekundu na mweusi pale betri ilipokuwa. Kikawaka! Kimelala kifua wazi kama samaki changu aliyepasuliwa, kinaniuliza nywila.

Nikaanza kutoa faili moja moja kwenda kwenye memori kadi, zote na tabaka zake, si picha. Nyingine dakika mbili, nyingine tano. Tangu alasiri. Magharibi ikapita, nimeswali palepale kwenye mkeka wa mke wake. Na kitu kimoja nilikuwa nakijua na sikutaka kukifikiri: kisicho na betri hakina pumzi ya akiba. Umeme ukikatika, hakiagi.

Nilikuwa nimeziacha za mwisho zile nzito. Ujinga. Ningeanza nazo. Ningeanza na la bibi.

Unalijua daftari la bibi, lile la humo humo kwenye kishikwambi. Wewe ulikuwepo, ule mwezi wa Ramadhani, yeye anasuka ukili, sisi tunamenya mihogo, anatutajia majina ya kanga za ujana wake na nani alimvalia nani kwa ajili ya nini, nami naandika mbiombio kwa kalamu ile na kuchora vidole vyake pembeni. Halafu akaniambia leta nami nijaribu. Akavuta mstari mmoja, akasema, "Inateleza kama sabuni," akanirudishia. Mstari ule niliuweka tabaka lake peke yake. Sijaugusa tangu siku ile. Hauna maana yoyote, ni mstari tu, umeanza nene ukaisha mwembamba. Nilitaka uwe ndio...

Basi. Faili la themanini na nne likaenda. La themanini na tano likaenda. La bibi likawa linakwenda, ule mstari wa bluu wa kuonyesha faili linavyokwenda umefika katikati, mtaa mzima ukazimika. Watoto wa jirani wakashangilia kama kawaida yao. Mimi nilikaa gizani nimeshika kalamu.

Umeme ulirudi baada ya saa nzima. Kikawaka, programu ikafunguka, kijipicha cha faili kipo, ukilifungua ni jeupe, kiduara cha kusubiri kinazunguka, kinazunguka. Kibwana akanishika mkono. Usihifadhi kitu. Usifute. Usisasishe programu. Zima, tusubiri betri ya kweli, tutajaribu kikiwa na nguvu yake chenyewe. Anasema huenda lipo, limeshindwa kusomeka tu. Anasema huenda. Ameshaniambia "huenda" mara nne na kila mara namtazama usoni.

Kwa hiyo nina mambo mawili ya kukuomba, na la tatu.

La kwanza ni flashi. Hizo ni zile themanini na tano. Nakala moja iko kwenye memori kadi kwangu, moja kwenye kompyuta ya Kibwana, na hiyo iwe kwako, mji mwingine, nyumba nyingine, paa jingine. Nyumba yangu ikivuja, yako haivuji. Kibwana aliijaribu kwanza kwa kuijaza mpaka juu na kuisoma tena kabla ya kunipa, maana siku hizi zipo zilizoandikwa kubwa na ndani ndogo, zinapokea faili lako kwa adabu kisha zinalifuta kwa kuandika jingine juu yake. Nakili kwenye kompyuta yako, kisha iweke mahali pakavu, na mara mojamoja uichomeke uone kama inafunguka. Usimpe Jumanne aitilie nyimbo.

La pili ni betri. Namba ya modeli nimeiandika nyuma ya ukurasa huu, inakiliwe herufi kwa herufi, siyo "ya inchi kumi tu". Kibwana anasema angalia tarehe ya kutengenezwa: betri iliyolala dukani miaka minne ni mzee aliyevaa nguo mpya. Na ukionyeshwa yenye umbo lilelile lakini imeandikwa nguvu maradufu, rudisha, hiyo ni stika tu. Hela nitakutumia Ijumaa, kikundi kikinilipa nusu. Yeye kazi yake ni elfu thelathini na tano, nimemlipa ishirini, na maandazi.

Na wewe, Mwalimu, kile kishikwambi chako cha sensa, cha tangu 2022, bado unakilaza kwenye chaja chini ya mto? Naomba leo hii ukiweke mezani palipo sawa na ukijaribu kama kinazunguka. Kama hakizunguki, kichomeke kikifika asilimia ishirini, kichomoe kikifika themanini, na usiku kipumzike kama binadamu. Kikizunguka, kitoe nje.

Sasa niulize. Yule binti wa Bi Tatu alifaulu au wananificha? Kweli umehama ile nyumba yenye mwembe, au ni maneno ya Rukia? Idi unakuja, au mwaka huu tena ni "mitihani"? Na mkeka wangu umemaliza nao lini?

Na la tatu ni hili. Siku ya arobaini ya bibi nilikutumia ukurasa mmoja wa lile daftari, picha, ule wenye vidole vyake. Mimi sinao, nilifuta mazungumzo yote simu ilipojaa. Sikumbuki kama mstari wake ulikuwa umewashwa au nilikuwa nimelizima lile tabaka. Najua nimesema picha ni chai ya maziwa. Nitainywa hivyohivyo. Ile simu yako ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, uliyokuwa unaitumia kama tochi, bado ipo? Inawaka? Ukiichomeka, kaa nayo karibu, usiiache peke yake.

Wako,
Mwanahawa

N.B. Mama Nasra hajui kilichomo kwenye kifundo. Akikuuliza, mwambie ni dawa ya mtoto, maana akijua ni michoro ya kikundi, kesho kutwa Muheza nzima wanajua jina la kanga.