Saa sita ya Warumi si saa kumi na mbili

Mhariri, salaam.

Mie fundi saa hapa Tanga, nina meza yangu na kiti cha wateja, na gazeti lenu ndo nalosoma kazi ikipungua. Wiki iliopita mmetoa makala ya saa za kale za Warumi, nikaisoma yote mpaka mteja akaanza kukohoa, lakini kuna mambo mawili yamenikaa kooni.

La kwanza, mmeandika eti Warumi walikuwa wakijipumzisha kidogo saa kumi na mbili. Jamani, mtu kaamka alfajiri halafu saa kumi na mbili asubuhi arudi kulala? Naona kilichotokea, mwandishi kakuta kwenye Kiingereza saa ya sita, akafanya tunavyofanya siku zote tukikuta saa ya Kizungu, akaongeza sita. Hapa haikutakiwa kuongeza wala kupunguza kitu. Warumi walikuwa wakihesabu toka jua linapochomoza, mchana una masaa 12, na sita ikitimia jua liko utosini, yaani ni saa sita hii hii yetu ya mchana. Waspania mpaka leo usingizi wa mchana wanauita siesta, na neno lenyewe limetokana na hiyo sita ya Kilatini. Mie Muislamu lakini nimesoma shule ya misheni, nakikumbuka kile kisa cha Mathayo cha vibarua wa shamba la mizabibu, wale wa mwisho walochukuliwa saa kumi na moja. Sisi tukisoma tunaelewa palepale kwamba wamefanya kazi lisaa limoja tu jioni ikaingia, wakalipwa sawa na walotoka jasho tangu asubuhi, ndo maana wenzao wakanuna. Mzungu mpaka aelezwe. Sisemi Warumi ndo walotuletea saa, la, nasema tu hili mwandishi wa Kiswahili hakustahili kulikosea.

La pili ndo limeniuma kama fundi. Mmewacheka kwamba Roma nzima ilifuata saa mbovu miaka 99. Kisa chenyewe kaandika Pliny, mwandishi wa Kirumi wa zamani, na ni kweli Messalla, mkuu wa jeshi la Roma, alipoiteka Catania kule kisiwa cha Sicily aliibeba saa ya jua, akaja kuisimamisha juu ya nguzo karibu na jukwaa la hotuba pale Roma, mwaka 263 kabla ya Kristo, mistari ikawa haikubaliani na masaa, wakaenda nayo hivyohivyo mpaka 164 kiongozi wa Roma, Marcius Philippus, alipoweka nyingine iliyochongwa vizuri zaidi. Lakini ile ya kwanza haikuwa mbovu, ilihamishwa tu! Juzi kijana kaniletea saa yake katoka nayo Dubai, anasema imeharibika inakwenda mbele lisaa zima, nikavuta kipini nikaurudisha mshale nikamwambia nenda zako, sikumtoza hata mia.

Ya jua sasa haina kipini. Ni jiwe limechimbwa kama nusu bakuli, kijiti kimechomekwa juu, ndani kuna mistari 11 inayogawa mchana vipande 12, na pinde tatu zinaikatiza, moja ya siku ndefu kuliko zote, moja ya siku fupi, na ya kati ni pale usiku na mchana vinapolingana. Vyote hivyo vinachorwa kwa kufuata urefu wa jua la mahali pale, na Catania iko kusini ya Roma kwa kama nyuzi 4 za latitudo. Adhuhuri ukiielekeza sawasawa haikosei, kosa linajitokeza asubuhi na jioni, na hata hilo halifiki nusu saa. Nani angeshtuka? Masaa yao yenyewe yalikuwa yakinywea na kuvimba, Desemba lisaa la Roma ni kama dakika 45, Juni kama 75. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, alitania kwamba ni rahisi wanafalsafa kukubaliana kuliko saa. Sisi hapa hatulijui hilo, mchana wetu mrefu na mfupi unapishana kama nusu saa tu mwaka mzima.

Mngetaka kuona saa ya jua ikishindwa kabisa, hiyo ya Messalla ingeletwa Tanga. Marehemu babu alikuwa na kijiti uani cha kupimia alasiri, adhuhuri ya Desemba kivuli kinalala kaskazini, Juni kinalala kusini, wakati Roma kivuli cha adhuhuri kinalala kaskazini mwaka mzima. Lile bakuli lao linatazama kusini, sasa Juni jua letu liko mgongoni mwake, humo ndani utasoma nini?

Na picha mlioweka, mkaandika chini yake "pambo la shaba", ile ni saa! Ilifukuliwa Herculaneum, mji wa kale wa Warumi uliofukiwa na volkano, mwaka 1755, ina umbo la paja la nguruwe (mtanisamehe), unaining'iniza kwa uzi, mkia ndo unaotia kivuli kwenye mistari, na majina ya miezi yameandikwa chini. Fundi alokaa akaiwaza hiyo ningependa kweli kukaa naye meza moja, hata kama chakula nisingekigusa.

Basi nawaomba mtoe sahihisho, na lisiwe kule chini kabisa kwenye matangazo ya viwanja.

Fundi saa, Tanga