Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: Kila mtu anasema wengine ndio wanaoharibika

Mheshimiwa Waziri,

Kwenye kikao cha wazazi au msibani, ukigusia video za ngono mtandaoni utasikia lile lile: vijana wanaharibika, Serikali ifunge. Uliza nani kati ya waliokaa pale ameharibika yeye mwenyewe. Kimya. Ni mtoto wa jirani, ni vijana wa kijiweni.

Mwaka 1983 mtafiti Mmarekani W. Phillips Davison aliandika kwamba watu huamini vyombo vya habari vinawaathiri wengine kuliko wao. Mwaka 1995 mtafiti mwingine, Albert Gunther, akachapisha utafiti kuhusu ponografia kwa watu wazima wa Marekani: kadiri mtu alivyoona wengine wanaathirika kuliko yeye, ndivyo alivyozidi kutaka izuiwe. Kwa hiyo kelele za "fungeni" zinapima zaidi hofu yetu kuhusu wenzetu kuliko madhara yenyewe.

Hofu hiyo si msingi wa kuzima mtandao mzima. Mtandao wa X ulipofungwa hapa Tanzania mwaka 2025, Serikali ilitaja maudhui ya ngono. Mwenye VPN, programu ya kukwepa kufungiwa, aliendelea kuangalia anachotaka. Aliyeumia ni mwandishi wa habari na mfanyabiashara aliyewapata wateja wake humo.

Koneksheni, yaani video na picha za faragha za watu zilizovujishwa, nazo ziko WhatsApp na Telegram. Picha za utupu za binti zikivuja, grupu lile lile lililokuwa likikemea maadili linajaa "mwenye nayo aje inbox". Kila anayeomba anaona yeye anaangalia tu. Binti anaacha chuo, na mtaani anaulizwa yeye kwa nini alijirekodi. Hili linaniuma kuliko tovuti yoyote ya ng'ambo.

Watoto walindwe, hapo sina ubishi; kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kipo kwa ajili hiyo. Lakini cha 14 kinakataza kuchapisha ponografia bila kugusa ridhaa ya anayeonekana. Kenya, kwenye sheria yao ya makosa ya mtandao ya 2018, wana kifungu cha 37 kinachomlenga anayesambaza picha za faragha za mtu mwingine. Nakuomba upeleke bungeni marekebisho yanayotamka wazi kwamba aliyevujishiwa ni mwathirika, si mtuhumiwa. Na Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi lipewe watu na vifaa vya kumfuatilia wa kwanza kusambaza, siku ile ile binti anaporipoti.

Wako,
Mwalimu wa sekondari na mzazi, Morogoro