Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Alice Springs, Australia

Ndugu wanachama,

Futari, gulio la Jumapili, darasa la Kiswahili la watoto na mchango wa msiba wa Machi mnayajua, waliokuwapo wanayajua. Siyarudii. Fedha: tulianza mwaka na dola 3,870, ada zikaingia 950, sambusa na chapati 1,215. Tukatoa 2,100, kisha 1,640, kisha 610 za ukumbi na bima. Zimebaki 1,685.

Hiyo 1,640 ndiyo inayosemwa pembeni, basi niieleze.

Kitabu chetu cha watoto, cha Kiarrernte (lugha ya wenyeji wa hapa) na Kiingereza na mstari wa Kiswahili chini, kinahusu bibi na wajukuu wanaochimba yerrampe chini ya miti ya mulga: wale sisimizi wenye tumbo lililojaa asali. (Mjumbe wa Unguja alishikilia tuandike "chungu". Tulibishana saa mbili, nikaamua mimi: chungu wa asali angemchanganya mtoto.) Nakala 300 zilikuwa zimeshafika, uzinduzi Jumamosi. Jumatano bibi aliyetusimulia akafariki. Picha yake ilikuwa jalada la nyuma, jina lake ukurasa wa kwanza.

Kwetu marehemu tunamchapisha hadi kwenye fulana. Waarrernte, wenye mji huu wanaouita Mparntwe, hufanya kinyume: jina halitamkwi, picha hufichwa, hata aliye hai mwenye jina hilo huitwa Kwementyaye, jina la badala, mpaka familia iseme imetosha. Ndiyo sababu televisheni na maktaba za nchi hii hutanguliza onyo kabla ya kuonyesha marehemu. Binti yake alinipigia simu usiku, kwa upole kabisa. Nilisimamisha uzinduzi na kuagiza chapa mpya isiyo na jina wala picha. Ndiyo hiyo 1,640. Maneno ya hadithi familia iliyaacha yabaki.

Ni kweli sikuitisha mkutano. Katiba yetu inamruhusu mwenyekiti kutumia hadi dola 500 katika dharura, nami nimevuka. Lakini mkutano wa nani? Wa Juni walikuja 9. Wengine wamesema tungebandika karatasi juu ya picha. Mwenye mtoto wa miaka mitano anajua karatasi hiyo ingedumu dakika ngapi. Na aliyeuliza "vitabu vya watu, sisi vinatuhusu nini", watoto wake na wangu wanakaa dawati moja na wajukuu wa bibi huyo. Nchi hii ilikuwa na lugha zaidi ya 250 Wazungu walipofika 1788; ripoti ya taifa ya 2020 ilihesabu 12 tu zenye nguvu. Tangu 1973 shule kadhaa za eneo letu hili la Northern Territory zilikuwa na vyumba vyao vya kuchapia, wazee wakisimulia, walimu wakichora. Mwaka 2008 serikali ikaagiza saa nne za kwanza za masomo ziwe za Kiingereza. Kwa hiyo kitabu kama hiki mtu lazima akitengeneze, na anayekitengeneza anafuata adabu ya wenye maneno. Sikutengeneza adabu hiyo mimi.

Sitaki sifa. Ila nani alimpeleka bibi kliniki mara tatu kwa gari lake na petroli yake? Sijadai hata senti.

Sasa ada. Tuko 64, waliolipa ni 19. Dola 50 kwa mwaka, haifiki dola moja kwa wiki. Waliolalamika zaidi kuhusu ile 1,640 nimewatafuta kwenye daftari la mhasibu. Sitataja majina, nimejifunza. Warsha ya kuchora tulikuwa 6, wawili kati yao wanangu, na mmoja alikuja kwa ajili ya pilau.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kitabu cha pili, pengine cha kuhesabu, na pengine CD, kama kuna anayejua kurekodi.

Mkutano mkuu ni saa nane mchana. Saa nane, si saa kumi.

Maboksi 11 ya chapa ya kwanza yako gereji kwangu. Familia haijasema yachomwe au yahifadhiwe, nami siwaulizi kabla hawajamaliza msiba. Mama watoto anaegesha gari juani tangu Agosti. Mwenye chumba chenye kufuli anipigie.

Mwenyekiti