Tusiwafumbulie watoto fumbo kabla hawajaisikia hadithi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini barua ya msomaji wenu aliyeshauri kwamba walimu wanaosomesha visa vya watoto vya mwandishi C.S. Lewis kuhusu Narnia, nchi ya kubuni, wawaeleze watoto tangu siku ya kwanza kuwa simba Aslan ni Yesu Kristo, ili mzazi Mkristo aridhike na mzazi Mwislamu ajue mwanawe anasomeshwa nini. Nia yake ni njema. Hata hivyo, nikiwa mwalimu mstaafu wa fasihi ya Kiingereza, naomba nafasi nieleze kwa nini naona ushauri huo unaiua hadithi, na pamoja nayo unaliua hata fundisho ambalo yeye analitaka.

Mara ya kwanza niliposoma darasani kitabu kilichoanzisha mfululizo huo, kile kilichotoka mwaka 1950, sikueleza lolote. Tulifika pale ambapo Edmund, aliyewasaliti ndugu zake kwa tamaa ya haluwa ya Kituruki aliyolishwa na Mchawi Mweupe, anastahili kufa kwa sheria ya kale, na Aslan anakubali kufa badala yake. Lewis haendi mbio hapo. Simba anatembea usiku polepole, kichwa kimeinama, na anawaomba Susan na Lucy, dada zake Edmund, waweke mikono yao kwenye manyoya ya shingo yake ili ajue kuwa hayuko peke yake. Kisha anafungwa miguu kwa kamba, ananyolewa manyoya yale yale huku umati ukimcheka, anazibwa mdomo na kuburutwa hadi kwenye Meza ya Jiwe, anapouawa. Nilipofika kwenye kunyolewa, darasa zima lilinyamaza, na binti mmoja wa Kiislamu, mwenye umri wa miaka 11, akauliza: “Mwalimu, mbona hawang'ati? Si ana nguvu za kuwashinda wote?” Swali hilo Wakristo wamelitafakari kwa karibu miaka 2,000, naye alilifikia mwenyewe kwa kumhurumia mnyama.

Mwaka uliofuata, kwa kushauriwa na wakubwa wangu wa kazi, nilianza kwa kuandika ubaoni kwamba Aslan ni Yesu, Edmund ni Yuda na Meza ya Jiwe ni msalaba. Watoto wakanakili. Tulipofika kwenye panya wadogo wanaozitafuna kamba za maiti kunapopambazuka, swali pekee lililoulizwa lilitoka kwa mvulana aliyetaka kujua panya nao ni akina nani, maana hakuwaona kwenye orodha. Tena orodha yenyewe ilikuwa na kosa, kwa kuwa Yuda wa Injili ya Mathayo alijinyonga, ilhali Edmund alisamehewa akawa mfalme.

Lewis mwenyewe hakukubali kuwa Aslan ni fumbo la namna hiyo. Katika barua ya mwaka 1958 alieleza kwamba jitu Kukata Tamaa, katika kitabu cha John Bunyan cha mwaka 1678, ni fumbo kwa sababu ni hali ya moyo iliyovalishwa mwili. Aslan alitokana na swali: kama kungekuwa na nchi kama Narnia, na Kristo akaamua kujitwalia mwili humo kama alivyofanya katika ulimwengu wetu, angekuwaje? Nchi hiyo ni ya wanyama wanaosema, basi akaja simba, na jina lake ni neno la Kituruki lenye maana hiyo hiyo. Mwandishi alisema pia kuwa visa hivyo vilianza na picha iliyokuwa kichwani mwake tangu akiwa na miaka 16, ya kiumbe nusu mtu nusu mbuzi aliyebeba mwavuli na vifurushi katika msitu wenye theluji, na kwamba mambo ya Ukristo yalijiingiza yenyewe baadaye.

Wasiwasi wa wazazi Waislamu naujua, na siupuuzi. Watu wa Calormen, nchi nyingine katika visa hivyo, wenye ngozi nyeusi, vilemba na panga zilizopinda, wamechorwa karibu wote kuwa wakatili, na hilo ni doa ambalo sisi wa pwani, tuliolelewa na mababu waliovaa vilemba, tuna haki ya kulisema mbele ya watoto wetu. Lakini katika kitabu cha mwisho, cha mwaka 1956, yumo Emeth, askari kijana wa Calormen aliyemtumikia mungu Tash kwa moyo safi maisha yake yote, na Aslan anamwambia kuwa utumishi wote ule ameuhesabu kuwa wake. Katika orodha ya ubaoni, Emeth angeandikwa kuwa nani?

Kwa hiyo naomba maelezo yasubiri hadi ukurasa wa mwisho usomwe, na yaanzie kwenye maswali ya watoto. Katika kitabu cha mwaka 1952 Aslan anawaambia Lucy na Edmund kwamba katika ulimwengu wao anaitwa kwa jina lingine, na kwamba hawana budi kujifunza kumjua kwa jina hilo, lakini hawatajii. Mwaka 1953 msichana mmoja wa Marekani alimwandikia Lewis akitaka kulijua. Lewis alimjibu kwa vidokezo, kikiwemo cha aliyejitoa afe kwa ajili ya kosa la mwingine, akamwomba afikiri kisha amwandikie jibu lake.

Mwalimu mstaafu,
Tanga