Utacheza na nani?

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Barua hii anakuletea shangazi yako, anayekuja Dubai na basi la Alhamisi, pamoja na lile begi la buluu. Sikukupigia simu makusudi. Kwenye simu unaniitikia "ewallah mama, inshallah mama", na nikishakata sina nilichokipata. Hii utaisoma mpaka mwisho, kisha utanijibu kwa maandishi.

Dada yako kaniambia. Usimgombeze, nilimbana mwenyewe baada ya kuona unavyocheka kupita kiasi kwenye ile video uliyomtumia bibi yako. Kasema yule mwenzako wa Madrid amekuandikia kwamba msimu huu atacheza padeli na mtu mwengine, na kwamba safari yako ya Jumapili iko pale pale. Basi nakuuliza: unakwenda kucheza na nani?

Sikuulizi utalala wapi, chumba najua unacho. Sikuulizi ada ya kocha, ami yako keshanionyesha risiti. Nakuuliza hilo moja tu, na ndilo ulilonificha.

Ungechagua tenisi nisingekuuliza. Mtu wa tenisi anaamka asubuhi, anaingia kiwanjani mwenyewe, akishinda ni kwake na akishindwa ni kwake. Padeli ni ya raketi pia, lakini ni wawili kwa wawili, ndani ya mita 20 kwa 10, vioo nyuma na waya ubavuni. Ulinifahamisha mwenyewe, mezani hapa, ukichora kwa kalamu ya mdogo wako: pointi zako na za mwenzako hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo inayoamua kama mnaingia moja kwa moja, mnaanzia kwenye mchujo, au mnabaki nje. Nilikuwa nakata vitunguu, ukadhani sisikilizi. Nilisikiliza. Nilichokielewa ni kwamba mwenzako akipata mtu mwenye pointi nyingi kuliko zako, hana haja ya kukuchukia ndipo akuache. Anapiga hesabu tu.

Na huko juu unakotaka kufika, hali ndiyo hiyo hiyo. Lebrón na Galán walikuwa nambari moja wa dunia pamoja, na Lebrón ndiye Mhispania wa kwanza kukaa kileleni. Mwaka 2024 wakaachana. Galán akaenda kwa Chingotto na hapo ametulia. Lebrón tangu siku hiyo ameshasimama na Paquito Navarro, na Di Nenno, na Stupaczuk, na yule kijana Augsburger. Kila alipohama, kuna mtu aliyeachwa, naye akaenda kumng'oa wa tatu, wa tatu akamng'oa wa nne. Kete za shimo moja la bao zikiondoka, mashimo yote yanabadilika hesabu. Lakini Lebrón akibaki peke yake, simu yake inalia kabla hajafika nyumbani. Wewe jina lako liko mamia ya nafasi huko chini. Yako itapigwa na nani?

Bibi yako anataka nikuandikie habari za Belasteguín, maana huyo ndiye anayempenda. Miaka 13 alikaa na Juan Martín Díaz, wote wawili kileleni, mpaka mwisho wa 2014. Utaniambia zama zile zilikuwa nyengine, fedha kidogo, safari chache. Sawa. Lakini tazama alichokifanya umri ulipokwenda: alimchukua Tapia angali kijana, kisha 2022 akamchukua Coello, ndiyo kwanza anatimiza miaka 20. Mwaka 2023 vijana hao wakaungana wenyewe kwa wenyewe, wakashinda mechi 47 mfululizo, na 2025 inakwisha bado walikuwa nambari moja. Mzee wao alistaafu mwisho wa 2024, ana miaka 45. Wote wawili wamepita mikononi mwake. Hilo ndilo ninalotaka ulishike. Usikimbilie kijana mwenzio anayepiga smashi mpaka mpira unatoka nje ya uzio halafu mkifungwa seti moja ananuna. Tafuta mtu mzima, aliyekwisha shuka, anayejua lini mpira wa juu unarushwa polepole ili mpate pumzi. Pointi zake hazitakuwa nyingi. Najua. Lakini akili yake utaondoka nayo.

Halafu wewe ni shoto. Mkono huo huo nilikuwa nikiupiga vibao ukiuingiza kwenye sinia ya wali, na kula bado utakula kwa wa kulia, hata huko Madrid pasipo mtu wa kukutazama. Lakini kiwanjani mkono huo ni mali. Coello ni shoto, ana urefu wa mita 1.90, anasimama kulia, na mipira ya juu inayoangukia katikati inakuwa yake na ya Tapia kwa pamoja, kila mmoja mkono wake wa nguvu uko hapo. Kocha wako alinambia hivyo kwa mdomo wake, kwamba shoto wa upande wa kulia wanatafutwa. Sasa mtu anayetafutwa anaachwaje kwa ujumbe wa mistari miwili? Ulimjibu nini? Dada yako anasema ulimwandikia "hakuna shida". Shida ipo, baba. Ungemwambia ipo.

Mie nakuona unavyocheza. Una mikono mizuri, una subira mpira unapodunda kwenye kioo kuliko vijana wote waliokuwa nawe hapa Muscat, na watu wazima walikuwa wakija kusimama nyuma ya uzio kukutazama. Nilikuwa nao. Nilijifanya nakusubiri nikurudishe nyumbani.

Siku hizi mie na bibi yako tunatazama mechi za padeli kwenye televisheni usiku. Nimejifunza kitu. Chingotto ni mfupi, na mpira ukishapigwa smashi ukatoka nje, yeye hutoka mbio kwa mlango wa pembeni, anaufuata huko nje karibu na viti vya watu, na anaurudisha ndani. Watu wote wanasimama kumpigia makofi. Mie macho yangu yako kwa Galán aliyebaki ndani. Anarudi hatua mbili nyuma, anasimama katikati ya kiwanja, raketi kifuani, shingo inageuka kwa mwenzake, inageuka kwa maadui, inageuka tena kwa mwenzake. Kwa sekunde mbili tatu kiwanja chote kimo mikononi mwake, na wala hapigi kelele kumlaumu mwenzie kwamba katoka. Ndiyo maana nakuuliza utacheza na nani. Siku utakayotoka mlangoni kufuata mpira, ndani atakuwa amesimama nani?

Usinijibu kwamba mambo yametengemaa sasa, kwamba mashindano yote makubwa yamo chini ya mkono mmoja. Nayajua hayo. Doha ya 2022, mashindano ya kwanza ya Premier Padel, sina haja ya kukukumbusha, ulikuwapo. World Padel Tour, ile ligi ya zamani, ikamalizika 2023, na kutoka 2024 ikabaki Premier Padel, ya shirikisho la kimataifa na Waqatari. Ami yako anasema fedha hiyo imeupa mchezo heshima, wanacheza Foro Italico Roma na Roland Garros Paris. Sibishi. Lakini heshima hiyo inagawanywa juu. Bingwa wa Major, yale mashindano makubwa kabisa, anachukua pointi 2000, wa P1, daraja la pili, 1000, wa P2, daraja la tatu, 500, na fainali nyingi za 2024 na 2025 ukiziangalia utawakuta wale wale wanne, Coello na Tapia upande huu, Galán na Chingotto upande ule. Na hata hao hawakukosa ugomvi. Mwanzoni mwa 2025 wakubwa wa kiume walikataa kwenda kwenye mashindano ya Gijón, Hispania, kwa kutoelewana na waandaaji na shirikisho. Waligoma pamoja, wana chama chao. Wewe ukidhulumiwa kwenye mashindano madogo ya daraja la Bronze huko, hoteli ukalipa, tiketi ukalipa, ukatolewa raundi ya kwanza, utagoma na nani?

Kisha viza. Huruhusiwi kukaa huko zaidi ya siku 90 ndani ya kila siku 180. Mhispania gani atafunga mkataba wa msimu mzima na mtu ambaye nusu ya mwaka hayupo? Ulisema utaomba viza ya mwanafunzi. Fomu zile ziko kwenye droo ya meza ya televisheni mpaka leo, hujaandika hata jina lako. Nimezitia kwenye begi, mfuko wa ndani. Zijaze kabla hujalala leo.

Babaako anasema tungekupeleka mapema, ulipokuwa na miaka 13, kabla wale watoto wa Argentina hawajakuacha mbali. Huenda. Mwaka ule mdogo wako alikuwa akiingia na kutoka hospitali, na mie habari za raketi sikutaka kuzisikia nyumbani mwangu. Yeye alitaka, mie nilikataa. Ndiyo hivyo.

Kwa hiyo sikwambii urudi. Shangazi yako anadhani barua hii ni ya kukurudisha; mwambie siyo. Nataka uende, lakini ukiwa na mtu. Ukifika, kabla hujafungua begi, mwombe kocha akupe majina ya watu watatu, ucheze na kila mmoja wiki nzima ndipo useme ndiyo. Waangalie wakishindwa, usiwaangalie wakishinda. Mwulize kila mmoja waziwazi: ukipata mwenye pointi zaidi katikati ya mwaka, utanifanyaje? Ataona haya kukujibu, na wewe utakuwa umeshajua. Na usicheze na mtu kwa sababu anakuchekesha. Yule wa kwanza alikuchekesha.

Tena usimalize fedha za ami yako kwa kukimbilia kila mashindano peke yako ukitegemea kuokota mwenza kwenye orodha ya walioachwa. Uliniambia wenzako wengi huko wanafundisha watoto asubuhi ndipo wanafanya mazoezi mchana. Fundisha na wewe. Hakuna aibu. Hata Nairobi na Dar es Salaam viwanja vipo sasa na walimu wanatafutwa, kwa hiyo mkono huo hautakulaza njaa. Lakini hayo ni ya baadaye, nisije nikakupa mlango wa kutokea kabla hujaingia.

Kwenye begi kuna halwa mabakuli mawili, moja la ami yako, usilifungue. Kuna bizari, kuna dawa ya kuchua ya kiwiko, nusu chupa, maana nyengine kachukua bibi yako kwa goti. Macho yake yamekuwa mazito, tumempeleka kwa daktari, tunangoja siku ya kufanyiwa jicho la kulia. Anataka afanyiwe kabla ya Ramadhani ili asome msahafu mwenyewe. Mpigie yeye kwanza ukifika Madrid, mie nitasikia kwake.

Kiyoyozi cha chumbani kwako kimekufa. Fundi kasema kompresa, babaako kasema fundi mwongo, kwa hiyo hakijatengenezwa, na mdogo wako sasa analala sebuleni na viatu vyake vimejaa kila pahala. Harusi ya binamu yako imesogezwa hadi baada ya Idi. Nimekushonea kanzu kwa kipimo cha zamani. Kama mabega yamepanuka, niandikie.

Na gari. Mulkiya, ile kadi ya usajili, inakwisha mwezi ujao, na polisi hawatanielewa nikiwaambia mwenye gari yuko Hispania anatafuta mwenza. Nitalipa mie, utanirudishia kidogo kidogo. Lakini funguo ya pili hatuioni. Nimepekua droo zote na mifuko ya yale makoti yako ya michezo. Kama uko nayo Dubai, mpe shangazi yako airudishe Jumanne, na nyuma ya karatasi hii hii uandike jina la utakayecheza naye. Kama hujampata bado, andika hivyo, hujampata. Usiandike inshallah.

Mamaako